Programu imezeeka, watumiaji wake bado wapo

Miaka tisa iliyopita nilikabidhiwa programu huria ya kuorodhesha vitabu na nyaraka. Iliandikwa kwa C, lugha kongwe ya kuandikia programu, na mtu ambaye hakuwa tena na muda nayo, na makabidhiano yenyewe yalikuwa barua pepe ya mistari minne pamoja na nenosiri. Nikadhani nimepewa maiti niizike kwa heshima: nitoe toleo moja la mwisho, niandike tangazo, nifunge.

Wiki ya tatu likaja swali kutoka kwa mtumiaji nisiyemjua. Mbona herufi zenye alama juu zinageuka visanduku vitupu anapochapisha orodha yake? Nikamwomba anitumie faili lake. Lilikuwa na rekodi 14,000, zote ameziingiza kwa mkono, moja moja, kwa miaka kumi na mmoja. Sikuweza kufunga.

Tangu hapo sijiulizi tena kama mradi huu uko hai au umekufa. Najiuliza kama mtu yule kesho ataweza kufungua kazi yake. Ukilishika swali hilo, mambo mengi yanayowachosha watunzaji wa programu kongwe yanajipanga yenyewe: unajua lipi la kufanya leo, lipi la kuahirisha, na lipi la kukataa bila kinyongo.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni uwezo wa kuijenga programu upya kutoka kwenye msimbo wake, yaani maandishi aliyoyaandika mwandishi wake, kwenye mashine isiyo na chochote cha zamani. Msimbo haushiki kutu. Unakaa vilevile ulivyoandikwa, huku kila kilichouzunguka kikihama. Mwaka 2020 lilitoka toleo la 10 la GCC, kompaila inayogeuza msimbo wa C kuwa programu inayoendeshwa, na programu yangu ikagoma kujengwa. Waandishi wa zamani wa C walizoea kutangaza kigeu cha jumla (jina la thamani inayotumiwa na programu nzima) ndani ya faili la vichwa, ambalo huingizwa ndani ya mafaili mengine ya msimbo, bila kueleza kwamba kimefafanuliwa kwingine, kisha kompaila ikawa inaziunganisha nakala zote kimyakimya. Kuanzia toleo hilo, ikiwa hujaiamuru vingine, inazihesabu kuwa ni kosa. Mimi nilikuwa na vigeu vya namna hiyo zaidi ya ishirini.

Njia ya mkato ipo: unairudishia kompaila tabia yake ya zamani kwa swichi moja. Nilifanya hivyo, maana watumiaji walikuwa wanasubiri, na sioni aibu kukushauri ufanye vivyo hivyo siku ya dharura. Ila andika tarehe ya kurudi kurekebisha, kisha urudi kweli. Mimi sikurudi kwa miaka minne. Mwaka 2024 GCC 14 ikaanza kukataa kuita fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina) ambayo haijatangazwa, jambo ambalo zamani lilikuwa onyo tu. Nilipopitia maonyo hayo niliyoyapuuza muda wote huo, nikakuta moja lililonisimamisha. Fanksheni isiyotangazwa ilichukuliwa kuwa inarudisha namba kamili ya biti 32, ilhali yangu ilikuwa inarudisha anwani ya kumbukumbu, ambayo kwenye mashine za siku hizi ni biti 64. Nusu ya anwani ilikuwa inakatwa. Ndiyo sababu watumiaji wachache walikuwa wakilalamika kwamba programu inazimika ghafla "mara mojamoja", na mimi nilikuwa nikiwajibu kwamba kwangu inafanya kazi vizuri. Niliwaandikia mmoja mmoja kuwaomba radhi.

Kwa hiyo, kila mwezi ijenge programu yako kuanzia sifuri kwa kompaila mbili: ile kongwe kabisa unayokubali kuihudumia, na ile mpya kabisa iliyotoka. Iachie mashine ifanye kazi hiyo yenyewe. Onyo likitokea leo, lishughulikie likiwa bado onyo.

La pili ni mafaili ya watumiaji. Niliwaomba walio tayari wanitumie nakala za mafaili yao, wakishaondoa mambo yao binafsi, ya matoleo yote waliyowahi kutumia. Nikapata thelathini na moja, mengine yakiwa ya muundo ambao hata mwandishi wa kwanza alikuwa ameusahau. Sasa hakuna toleo linalotoka kabla mafaili hayo yote hayajafunguliwa, yakahifadhiwa, yakafunguliwa tena na kulinganishwa. Kama una jioni moja tu ya kuupa mradi wako mkongwe, itumie hapa.

Pamoja na hayo, wape mlango wa kutokea: njia ya kuhamisha kila kitu kwenda maandishi ya kawaida, ambayo programu yoyote inaweza kuyasoma. Wapo watunzaji wanaoogopa kwamba watu wakioneshwa mlango wataondoka. Kwangu wachache waliondoka, na waliondoka na kazi yao yote mkononi. Waliobaki walitulia zaidi, kwa sababu walijua hawajafungiwa.

Kuna kosa lingine la kulitafuta mapema, linalojificha ndani ya mafaili yenyewe. Programu nyingi za zamani hutunza muda kama idadi ya sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, kwa namba ya biti 32 yenye alama, yaani inayoweza kuwa chanya au hasi. Namba hiyo inajaa tarehe 19 Januari 2038, kisha inarukia mwaka 1901. Usiseme bado ni mbali. Mtumiaji wangu mmoja aliweka tarehe ya kufunguliwa kwa nyaraka zilizofungwa kwa miaka ishirini, na akakutana na tatizo hilo siku hiyohiyo. Debian 13, toleo la mfumo endeshi huria lililotoka mwaka 2025, imehamishia muda kwenye biti 64 hata kwa karibu mashine zake zote za biti 32, lakini haiwezi kukubadilishia baiti nne (biti 32) ulizoziandika wewe ndani ya faili la mtu. Hilo ni lako.

Kupunguza nako ni utunzaji. Programu yangu ilikuwa na sehemu ya kuchota taarifa za vitabu kutoka seva za mbali, na ilitumia itifaki za TLS 1.0 na 1.1, kanuni za kusimba mawasiliano ya mtandaoni. Mwaka 2021 itifaki hizo zilitangazwa rasmi kuwa zisitumike tena, na seva zikaanza kunifungia mlango moja baada ya nyingine. Nilihangaika nayo miezi mitano, kisha nikaiondoa sehemu yote. Kuna walionikasirikia, na nawaelewa. Lakini kila kinachogusa mtandao kinadai mtu wa kukilinda kila wiki, na mtu huyo sikuwa naye. Afadhali programu ndogo inayofanya kweli inachosema.

Basi sema. Andika mahali panapoonekana kwanza: mifumo endeshi unayoihudumia, aina ya hitilafu utakazorekebisha, muda wa kawaida wa kujibu, na kwamba vipengele vipya haviji. Kwa mfano, Python 2, toleo kongwe la lugha ya kuandikia programu, ilipangiwa kukoma mwaka 2015, ikaongezewa muda hadi mwanzo wa 2020, na toleo lake la mwisho, 2.7.18, likatoka Aprili mwaka huo. Watu walikuwa na tarehe ya kupangia miaka mingi kabla. Kinachowaumiza watumiaji ni ukimya: ombi linakaa mwaka mzima bila ndiyo wala hapana. Hapana yenye sababu mbili, iliyojibiwa ndani ya wiki, nimeona ikipokewa kwa shukrani.

Kuhusu mahali pa kuhifadhi, kwa ufupi: Google Code, huduma ya Google ya kuhifadhi miradi ya programu, ilifungwa Januari 2016, na waliohamisha msimbo pekee waliziacha nyuma taarifa za hitilafu zilizoeleza kwa nini mstari fulani uko vile ulivyo. Weka historia yote sehemu mbili au tatu, pamoja na mazungumzo hayo. Software Heritage, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Inria ya Ufaransa, unapokea nakala za msimbo bila malipo.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Atakayekuandikia kwa ukali kwamba unachelewa hajui uzito ulioubeba, na uchovu wako ni hatari kwa wengine pia. Machi 2024 iligundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, yalitiwa mlango wa siri na mchangiaji aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili, huku mtunzaji aliyeelemewa akishinikizwa kwa barua aachie wengine usukani. Aliyegundua, Andres Freund, alishtuka kwa sababu kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH, njia salama ya kufanya hivyo, kulikuwa kunachukua takribani nusu sekunde zaidi. Tangu nisome habari ile, barua ya kunishinikiza nikabidhi funguo huwa siijibu siku hiyohiyo.

Lakini kukabidhi lazima, na mapema, ukiwa bado una nguvu. Msaidizi wangu alianza kwa kujibu maswali, akaja kurekebisha hitilafu nikiwa nazikagua, na mwezi uliopita alitoa toleo zima peke yake, kuanzia msimbo hadi kifurushi kilichotiwa saini, mimi nikiwa natazama tu. Alikwama mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa ni hatua niliyokuwa nikiifanya kwa mazoea bila kuiandika popote. Tumeziandika jioni ileile, na toleo lijalo atalitoa mimi nikiwa safarini.