"Matone kidogo" si maelezo ya mgonjwa

Juzi nimepokea zamu, nikakuta kwenye faili la mama mwenye mimba ya wiki saba anayetokwa na damu: "Matone kidogo. Apumzike nyumbani." Basi. Hakuna mapigo, hakuna grupu la damu, wala swali moja kuhusu maumivu. Nikampigia simu arudi. Wadogo zangu, nawapenda na mnajituma, lakini maneno hayo yananichoma kwa sababu niliwahi kuyaandika mimi.

1. Damu ya kwenye pedi haikwambii damu anayopoteza. Karibu mjamzito mmoja kati ya wanne hutokwa na damu miezi mitatu ya kwanza, na wengi mimba zao huendelea vizuri. Hilo nilijua, na ndilo lililonifumba macho. Kuna mama alikuja saa nane usiku, amejishika ubavu. Pedi ina doa la kahawia, halizidi sarafu. Kipimo cha mkojo chanya, ultrasaundi hajapiga, presha 110/70. Akasema na bega la kulia linamuuma. Nikamuuliza, "Umelilalia vibaya?" Akajibu labda. Nikaandika mimba inatishia kutoka, nikampa paracetamol, nikamwambia arudi asubuhi apigwe ultrasaundi. Mapigo 118 niliyaandika kwa mkono wangu, wala sikuyatafakari.

Saa kumi na moja alfajiri alirudi amebebwa. Viganja vyeupe, jasho la baridi, namba ya juu ya presha haifiki 70. Mimba ilitunga kwenye mrija wa uzazi, nje ya kizazi, na mrija ulikuwa umepasuka. Muda wote ule damu ilikuwa ikimwagikia tumboni hadi kugusa kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kiwambo kikichokozwa maumivu husikika begani. Daktari alinyonya zaidi ya lita mbili. Nilisimama nimeshika chupa ya damu juu, nikihesabu matone yanavyoshuka, nikiomba yaende haraka zaidi. Alipona, ila mrija mmoja ulitolewa. Siku ya tatu nikaenda wodini kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu: "Dada, si nilikwambia bega?"

Kwa hiyo yasomeni mapigo. Mwanamke kijana mwenye afya huweza kushikilia presha hadi dakika za mwisho. Moyo huwa umeshaanza kukimbia zamani. Na mimba ambayo hakuna aliyeiona ndani ya kizazi, ihesabuni kuwa iko nje mpaka ithibitishwe vinginevyo.

2. Pimeni grupu la damu na Rh (ile chanya au hasi ya damu) mapema. Akiwa hasi, fuata mwongozo wa kituo kuhusu anti-D, sindano inayozuia mwili wa mama kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto.

3. Acheni kuwaandikia kitanda kana kwamba ni dawa. Kulala hakuzuii mimba kutoka. Kuna mama aliniuliza mara tatu kama ni kwa sababu alipanda ngazi, na mara zote tatu nilikuwa nimeinama najaza fomu. Mara ya nne hakuuliza, alilia tu. Nikaweka kalamu chini, nikavuta kiti, nikamwambia mimba nyingi zinazotoka mapema huwa na hitilafu ya kromosomu tangu kutungwa, na ngazi hazihusiki. Wengi wanafika wameshajihukumu: nilibeba ndoo, niligombana na mume wangu. Mwondoleeni mzigo huo kabla hajatoka mlangoni.

4. Ukimruhusu aende, "ukizidiwa urudi" haitoshi. Taja: akilowanisha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, bega, kizunguzungu au kuzimia, homa, au uchafu wenye harufu mbaya. Lolote kati ya haya, aje saa ileile, hata usiku wa manane. Mweleze na aliyemsindikiza, maana anayezimia hawezi kupiga simu.

Yule wa juzi alirudi mchana uleule. Mapigo 82, tumbo laini, ultrasaundi ikaonyesha mimba ndani ya kizazi na moyo unapiga. Aliitazama skrini bila kupepesa. Kabla hajaondoka nikamuuliza tena kuhusu bega, kisha nikampa ile orodha, na mumewe nikamtaka airudie kwa sauti.