Swipu haiishi mpinzani anapoanguka

Wadogo zetu wa jujitsu ya Kibrazili, wa mkanda mweupe na wa bluu, tunawatazama mkicheza gadi wazi (mko chini, miguu inamzuia mpinzani bila kumfunga kiunoni) raundi baada ya raundi, mkitafuta swipu, yaani kumpindua aliye juu ili nyinyi muwe juu, na kosa ni lile lile. Ndoano ya De la Riva, yaani mguu wenu ulionasa mguu wake kwa nje, imekaa vizuri, mkono wa koti mmeushika, mpinzani anayumba, anaanguka kitako. Halafu mnabaki chali mkimwangalia! Anatia mkono nyuma, anainuka, anapita gadi, yaani anaivuka miguu yenu, na pointi 3 ni zake. Sehemu ngumu ya kazi mlishaimaliza, mkaiacha ile nyepesi.

Mwanamieleka hafanyi hivyo, na si suala la nguvu. Katika mieleka ya mtindo huru, mgongo ukielekea mkeka kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 90, mpinzani anapewa pointi 2. Mwili wake umezoea kuukimbia mgongo kabla hata hajafikiri. Sisi wa jujitsu tumefundishwa kustarehe chali, na starehe hiyo ndiyo inayotuponza. Ichukulieni swipu kama tekidauni (kumwangusha mtu aliyesimama) inayoanzia chini, yaani lazima iishe nyinyi mkiwa juu, kifua mbele, mmemdhibiti.

1. Inukeni yeye akiwa bado anaanguka. Hapa tutakaa kidogo, maana hata wenye mikanda ya juu wamo humu. Chukueni traipodi, swipu ambayo kila mmoja wenu anadai anaijua. Mkono mmoja umeshika kisigino chake, mguu mmoja uko nyongani kwake, mwingine umenasa nyuma ya kisigino cha pili. Mnasukuma nyonga, mnavuta visigino, anaanguka. Sasa mtazameni anavyorudi. Ili asimame anahitaji vitu vitatu: mkono mmoja nyuma yake mkekani, unyayo mmoja uliokanyaga imara, na nafasi ya kunyanyua makalio. Mkingoja nusu sekunde anavipata vyote vitatu, tena bure. Ngoja ngoja yaumiza matumbo.

Kila kimoja kina dawa yake. Mkono: shikeni mkono wa koti wa upande atakaoangukia, msiuachie, hatakuwa na cha kuegemea. Unyayo: kisigino mlichokishika msikitupe akishaanguka. Wengi wanakiachia ili watumie mkono huo kujiinua, na hapo ndipo swipu inapokufa. Kipandisheni hadi usawa wa nyonga zenu mnapoinuka, abaki amekaa na mguu mmoja hewani. Makalio: hayo yanazuiwa na uzito wenu, nao haufiki huko mkiwa chali. Basi mtajiinua kwa nini, kama mikono yote ina kazi? Kwa yeye mwenyewe. Uzito wake ukienda nyuma, mkono wa koti mlioushika unakuwa kamba, unawavuta hadi mnakaa. Mguu uliosukuma nyonga unashuka mkekani, ule mwingine unakunjwa chini ya makalio, goti linatangulia. Mwendo wenu na wake ni mmoja: yeye anashuka, nyinyi mnapanda. Mkisikia kishindo cha makalio yake na mabega yenu bado yako mkekani, mmeshachelewa.

Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Kibrazili, mnahitaji sekunde 3 za udhibiti juu ili mpate pointi 2. Akisimama kabla ya hapo, mtaambulia faida tu, ile alama ndogo inayotazamwa pointi zikilingana.

2. Kichwa juu. Akirudisha mguu nyuma kukwepa swipu, mtainuka na mguu mmoja mkononi, yaani singo legi, na hilo ni jambo jema. Lakini mkiinuka mkitazama mkeka, shingo ni yake, na gilotini, kabali ya shingo kutoka mbele, haikawii. Sikio libanane na mbavu zake upande wa ndani, macho yatazame mbele, mgongo unyooke. Kichwa ni mkono wa tatu: kinasukuma kifua chake wakati mikono inavuta goti. Kuna kijana hukabwa kwa gilotini ile ile kila wiki na kila wiki anaomba afundishwe namna ya kuitoka. Mwanangu, nyanyua kichwa tu.

3. Kwenye singo legi hiyo, viganja vikutane nyuma ya goti lake, kidole gumba kikae pamoja na vingine, bila kusokotanisha vidole. Viwiko mbavuni.

4. Msivute mtu anayevuta. Mwanamieleka anasukuma ili asukumwe, kisha anautumia msukumo huo. Kwenye gadi wazi ni vivyo hivyo. Akiegemea nyuma kulinda usawa, traipodi au singo legi inamfuata huko huko anakokwenda. Akiinama mbele kuwabana, bataflai, yaani ndoano za miguu yenu ndani ya mapaja yake, inamnyanyua, au mvuteni kola kwa nguvu mpaka viganja vyake viguse mkeka, kisha zungukeni mgongoni. Tunawaona mkichagua swipu kabla hamjashika koti, halafu mnaisukuma kwa dakika mbili dhidi ya mtu mwenye kilo 20 zaidi yenu. Mguseni kwanza! Msukumeni nyonga kwa mguu, mwone anajibu vipi. Jibu lake ndilo linalowapa swipu.

5. Akisimama hata hivyo, msirudi chali. Kamateni kiuno, zungukeni nyuma yake, zibeni kifundo kimoja kwa mguu wenu na mrudisheni chini. Wanamieleka hufanya hivi mara nne au tano mfululizo bila kunung'unika, na wengi wa wapinzani hukata tamaa kwenye mara ya pili.

Zoezi: raundi za dakika 3, mmoja amesimama, mwingine kwenye gadi wazi. Mwenye gadi akimwangusha mwenzake, mchezo usisimamishwe. Aliyeanguka aruhusiwe kuinuka kwa nguvu zake zote, na swipu ihesabiwe tu baada ya sekunde 3 juu. Wiki ya kwanza mtahesabu chache sana. Anzeni na traipodi peke yake, upande mmoja, na mwenye gadi akiachia kisigino kabla hajasimama, raundi ianze upya.