Mdundo huu ni wa shughuli gani? Majibu kwa wapigaji wa djembe

Maswali mengi safari hii yanahusu ngoma za Wamalinke wa Guinea, kwa hiyo majibu yameelemea huko.

Kikundi chetu cha Dodoma kina djembe tano, zile ngoma za ngozi ya mbuzi zinazopigwa kwa mikono mitupu. Tukipiga mdundo wa Kassa kisha wa Kuku, watu wanasema hawaoni tofauti. Tunakosea wapi?

Hamjakosea mikono, mmekosa dunun. Kwa Wamalinke wa Guinea ya Juu, pande za Kouroussa, Siguiri na Faranah, mdundo hautambulikani kwa djembe. Hutambulikana kwa dunun, yaani ngoma tatu zilizowambwa ngozi ya ng'ombe pande zote mbili na kupigwa kwa fimbo: kenkeni, ndogo yenye sauti ya juu, sangban, ya kati, na dununba, kubwa, ambayo kazi yake pwani kwetu hufanywa na vumi. Misindikizo michache ya djembe, yaani mapigo yanayorudiwa bila kukoma chini ya mpigaji mkuu, huhama kutoka mdundo mmoja hadi mwingine bila kubadilika, ndiyo maana mkiondoa dunun kila kitu kinafanana. Anayebeba jina la mdundo ni sangban. Aliyekulia Kouroussa akiisikia hiyo peke yake, anajua watu wako shambani au wako jandoni.

Mkiwa na fedha ya ngoma moja tu, nunueni sangban pamoja na kengele yake. Kengele hiyo ya chuma hufungwa juu ya ngoma iliyolazwa. Mkono mmoja unapiga ngozi, wa pili unapiga kengele. Makundi mengi husimamisha dunun tatu wima na kumpa mtu mmoja azipige zote. Mtindo huo ni wa jukwaani, na kwa maonyesho unafaa. Lakini mara nyingi kengele huachwa, na pamoja nayo unapotea uzi unaowashika wapigaji watatu. Jifunzeni kwanza kwa kengele.

Naomba msindikizo mmoja wa djembe wa kuanzia.

Chukua huu, unaoingia katika midundo mingi. Gawa mzunguko katika hesabu 8 zilizo sawa. Kofi kwenye 1, besi (pigo zito la kiganja katikati ya ngozi) kwenye 4, kofi kwenye 5, toni kwenye 7 na 8. Hesabu za 2, 3 na 6 ni kimya. Namba witiri ni za mkono wa kulia, shufwa ni za kushoto, kwa hiyo mikono inakwenda: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto.

Kinachoharibika karibu kila mara ni zile toni mbili. Zinakimbia, na kofi la mzunguko unaofuata linatua kabla ya wakati wake. Sababu ni mkono wa kushoto kulala kwenye 6. Uache uguse ngozi kidogo sana hapo, kama unaipapasa, nao utapima nafasi wenyewe. Piga polepole huku ukikanyaga mguu kwenye 1 na 5, na usiongeze kasi hadi dakika tano zipite bila mguu kuyumba.

Toni na kofi havitofautiani kwa nguvu. Katika toni vidole vimebanana na vinatua kwa urefu wake wote. Katika kofi vimelegea, na ncha zake ndizo zinazoruka juu ya ngozi. Ukitafuta kofi kwa kutwanga utaumiza viungo vya vidole na sauti haitakuja.

Nimealikwa kupiga harusini Kisumu. Mdundo ninaoujua vizuri ni Soli. Unafaa?

Soli ni mdundo wa jando. Huko kwao Soko hutangulia, kutangaza kwamba jando linakaribia, na Soli hupigwa jando lenyewe linapofika. Ukiupiga mbele ya bibi harusi, mgeni kutoka Guinea atajiuliza anatahiriwa nani. Tafadhali uache.

Jifunze Kuku. Ulitoka Guinea ya Msitu, pande za Beyla, ukichezwa na wanawake waliorudi kuvua samaki, na leo ni mdundo wa furaha yoyote. Ukiwa na wachezaji, Yankadi na Makru za Wasusu wa pwani ya Guinea zinapendeza mno harusini: vijana wa kiume na wa kike husimama safu mbili wakitazamana, Yankadi ikienda taratibu kwa macho na mikono, kisha filimbi inalia na Makru inalipuka kwa kasi. Hatari iko pale kwenye kuvuka. Wapigaji wakianza kuharakisha kabla ya filimbi, Yankadi inakufa na Makru haina pa kurukia. Mpeni filimbi mtu mmoja, na wengine wote wamsikilize yeye.

Nimeona video ya wanaume wakizunguka uwanja na shoka na mjeledi mkononi. Ni vita?

Hiyo ni Dununba. Jina ni la ile ngoma kubwa, lakini pia ni la ukoo mzima wa midundo ya Hamana, nchi inayozunguka Kouroussa, inayoitwa ngoma ya wanaume wenye nguvu. Uwanja huitwa bara. Wanaume huingia kwa rika, wakubwa mbele, na shoka ni la pambo. Mjeledi ni wa ngozi ya kiboko, na msomaji wa Kiswahili haelezwi mara mbili, maana neno lenyewe kwetu ni la mnyama na la fimbo pia. Zamani rika dogo lililotaka kupanda lilishindana na rika la juu kwa mijeledi hiyo, na aliyevumilia bila kurudi nyuma alipata heshima yake.

Kwa mpigaji ugumu uko kwenye kenkeni: haipigi pale mguu unapotua, inapiga katikati ya hatua. Asiyezoea huigeuza, akaihesabu kama pigo la kwanza, na tangu hapo kila anachoongeza kinakwenda kinyume na wachezaji. Dawa ni kutembea papo hapo huku ukipiga.

Moribayassa ni nini?

Ni mdundo wa nadhiri. Mwanamke mwenye shida kubwa, kwa mfano aliyekosa mtoto, huapa kwamba jambo lake likitimia atacheza Moribayassa. Likitimia huvaa matambara, huzunguka kijiji akiimba huku wapigaji wakimfuata, kisha hubadili nguo na kuyazika yale matambara. Ni mdundo wa mtu mmoja na deni lake. Tunaomba msiuweke katikati ya onyesho la kuchangamsha watu.

Ngoma za Waasante zinasema maneno. Je, ngoma inaweza kusema Kiswahili?

Kwa namna ileile, hapana. Atumpan za Ghana ni ngoma mbili, ya sauti ya juu ikiitwa jike na ya chini dume, zikipigwa kwa fimbo zilizopinda. Zinafuata toni za Kitwi, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana. Kwa hizo mpigaji hutaja sifa za chifu na methali. Kiswahili kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Baba, kaka na dada vyote vingetoa pigo lilelile.

Hata kwenye lugha yenye toni, maneno mengi hufanana. Walokele wa jirani na Kisangani walitatua hilo kwa kurefusha. Mwezi ni songe na kuku ni koko, yote yana toni mbili za juu. Kwa hiyo ngoma husema "songe li tange la manga", mwezi unaoitazama dunia, na kuku hupewa maneno yake mwenyewe. Ujumbe unakuwa mrefu, lakini haukosewi.

Ngozi ya djembe yangu imepasuka mara ya pili ndani ya mwaka. Fundi anasema ni mbuzi mbaya.

Inawezekana, lakini tazama kwanza ukingo wa mti. Pitisha kidole mzunguko mzima. Pakikukwaruza, hapo ndipo panapokata. Lainisha kwa msasa, mviringo usiwe na makali upande wa mkono.

Ngozi mpya iloweke usiku mzima hadi ilainike yote. Uti wa mgongo upite katikati kabisa, maana unene wa pande mbili hutofautiana ukiupotosha. Kaza kwa kiasi ikiwa mbichi, iache kivulini hadi ikauke kabisa, ndipo ukaze kwa nguvu, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Anayeimaliza ikiwa mbichi huivuta ikawa nyembamba, nayo hupasuka mapema. Na usiiache ndani ya gari juani: ngozi iliyokazwa ikipata joto hujivuta zaidi, na usiku wa harusi utakuta ufa.