Keris haipigwi msasa

Swali: Nimenunua keris, yaani jambia la Java, kwenye soko la vitu vikuukuu hapa Uholanzi ninakoishi. Bapa lake lina mikunjo 7 kama mawimbi na kutu nyingi. Muuzaji kasema ni ya enzi za Majapahit, dola ya kale ya Java. Fundi visu anataka kuipiga msasa wa mashine, kisha aipake asidi ili michoro itokeze. Nimruhusu?

Jibu: Usimruhusu, ndugu yangu. Kama umeshaiacha kwake, kaichukue leo.

Naletewa keris nyingi zilizokwishapita kwenye mashine, nyeupe kama kijiko, na mwenyewe huniuliza michoro imekwenda wapi. Imeondoka na vumbi la msasa, na hairudi. Michoro hiyo, pamor, si nakshi ya juu. Empu, yaani mhunzi wa keris, hufua chuma cha kawaida pamoja na chenye nikeli, akakunja tabaka juu ya tabaka, katikati akatia moyo wa feleji. Kisha bapa husuguliwa ndimu na aseniki: chuma huwa cheusi, nikeli hubaki na weupe wa fedha. Keris haikuumbwa ing'are! Mashine hula tabaka zenyewe, na asidi ya fundi wako itachimba kilichobaki.

Kutu ina dawa yake ya kale. Vua mpini taratibu. Wa Java kwa kawaida haugundishwi, mkia wa bapa hukazwa kwa kitambaa tu. Loweka bapa kwenye maji ya nazi siku kadhaa, ukilitazama kila siku. Sugua kwa ndimu na mswaki laini, suuza, kausha kabisa, paka mafuta mepesi. Aseniki usiiguse, ni sumu. Huko Java, katika miji ya Solo na Yogyakarta, kazi hiyo hufanywa na wajuzi, hasa mwezi wa Suro, ndio Mfunguo Nne wetu.

Kuhusu Majapahit: dola hiyo ilianguka mwanzoni mwa karne ya 16, lakini wauzaji huibandika jina hilo keris yoyote yenye kutu. Mikunjo 7 haithibitishi umri. Hesabu ya mikunjo huwa witiri hata kwa keris iliyofuliwa mwaka jana. Tena wako wanaotumbukiza bapa jipya kwenye asidi lipate mashimo, wakaliita la kale. Siku nyingine, kabla hujatoa pesa, shika keris kwenye mwanga wa pembeni, ufuatishe mstari mmoja wa pamor hadi ukingoni. Tabaka la kweli hupita ndani ya chuma. La kuchorwa kwa asidi huishia juu ya ngozi.