"Tumemlea kama mwanetu": je, mshahara wa binti wa kazi unakatwa?

SWALI: Shekhe, assalaamu alaykum. Tuna binti wa kazi anayetulelea mtoto, huu mwaka wake wa pili. Tulikubaliana mshahara wa kila mwezi, ila mume wangu alisema atamwekea ili asizichezee. Akivunja kitu huandikwa kwenye daftari na kukatwa: chupa ya chai, glasi, kanzu iliyoungua kwa pasi. Juzi mama yake ameugua, akaomba fedha zake aende kwao. Mume akapiga hesabu, akamwambia kilichobaki hakifiki hata mishahara miwili, kwani amekula na kulala kwetu, na tumemlea kama mwanetu. Binti hakusema neno, akarudi jikoni kuosha vyombo. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Bila yeye nisingeweza kwenda kazini. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumus-salaam, dada yangu. Huo usingizi uliokukimbia ni rehema ya Allah kwako, usiufukuze.

Mshahara wa binti huyu ni deni, na deni halifutwi kwa kauli ya mdaiwa. Katika Sahihi Bukhari, Mtume (s.a.w.) amepokea kutoka kwa Mola wake kwamba watu watatu Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaitumia kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake.

Sasa hili la "kama mwanetu". Nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu wa safu ya mbele msikitini, na kila mara linasemwa siku ya kulipa. Mwanenu akivunja chupa ya chai, mnamwandika daftarini? Mwanenu akila, mnampigia hesabu ya sahani? Binti huyu amekuwa mwana siku ya kudai, na siku zote nyingine alikuwa mtumishi. Wema wa kweli haukatwi kwenye mshahara wa mtu. Ukikatwa, ni biashara, tena ya upande mmoja.

Na chakula? Wanazuoni wamehitilafiana kama inajuzu kumwajiri mtu kwa chakula na mavazi yake. Imam Malik na Imam Ahmad wamelijuzisha, Shafii wamelikataa kwa kuwa ni ujira usiojulikana kiwango. Lakini hata waliojuzisha wanazungumzia jambo lililokubaliwa mwanzo wa kazi. Hakuna mlango humo wa kumlisha mtu miaka miwili kisha kumtolea bili mlangoni akiaga. Mtume (s.a.w.) ameamrisha walio chini ya mikono yetu walishwe tunachokula na wasibebeshwe wasichokiweza. Mtu hatozi malipo kwa amri aliyoamrishwa na Mola wake.

Mumeo anasema alikuwa anamwekea. Basi ziko wapi? Tunaijua hadithi ya watu watatu waliozibwa na jiwe pangoni. Mmoja wao aliachiwa ujira na mfanyakazi wake, akauzalisha mpaka ukawa mifugo na watumwa. Yule alipokuja kudai, akaambiwa yote unayoyaona ni yako, naye akadhani anadhihakiwa. Huko ndiko kuweka. Fedha iliyowekwa hukutwa imeongezeka, au angalau iko palepale. Hii yenu imeliwa na daftari.

Kuhusu vilivyovunjika: mwajiriwa wa namna hii ni mwaminiwa, halipi kilichoharibika mikononi mwake ila kwa kusudi au uzembe ulio wazi. Anayeosha vyombo kila siku atavunja glasi, hata wewe ungevunja. Kanzu, kama aliiachia pasi akaenda zake, hiyo yaweza kujadiliwa, na kinacholipwa ni thamani ya kanzu ile kuukuu ilivyokuwa, si bei ya mpya. Hata hivyo sipendi mwenye kanzu awe ndiye hakimu.

Umeuliza dhambi yako. Ikiwa wewe ndiye uliyepatana naye, deni ni lako, lipa hata kwa mshahara wako, kisha mmalizane na mumeo. Ikiwa ni yeye, deni liko shingoni mwake, ila wewe ulilijua ukanyamaza, na ukiwa na uwezo wa kulipa usisubiri, maana kuna mgonjwa anayengoja.

Zungumza na mumeo usiku mtoto akishalala, bila ukali na bila kumwita mwizi. Mfungulie lile daftari, mwombe alisome kwa sauti ukurasa mmoja mmoja, ajisikie mwenyewe. Anas (r.a.) alimtumikia Mtume miaka kumi, akasema hakuwahi kumwambia hata "ah!". Mkumbushe hilo.

Kisha mpeni binti haki yake yote mkononi mwake, nauli iwe zawadi juu yake, na mwombeni radhi kabla hajaondoka. Asipowasamehe siku hiyo, msimlazimishe. Wallahu a'lam.