Mizizi ya Mahindi Inapokataa Kwenda Chini

SWALI: Mhariri, ninalima mahindi katika Kaunti ya Trans Nzoia. Kila msimu ninapanda kwa mbolea ya DAP na mvua hainyeshi haba, lakini mahindi hudumaa yakifika magotini, na majani ya chini hugeuka zambarau. Nilipong'oa miche miwili nilikuta mizizi mifupi, minene, ya rangi ya kahawia, inayokatika kama kijiti kikavu. Afisa wa kilimo alipima udongo akasema pH (kipimo cha tindikali, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi) ni 4.8 na alumini imezidi. Alumini hiyo imefikaje shambani kwangu, na inadhuruje mizizi?

JIBU: Ndugu msomaji, alumini haikuletwa na mtu, imo katika udongo wenyewe. Ni metali iliyo nyingi kuliko nyingine zote katika gamba la dunia, yapata asilimia 8 ya uzito wake, na kwa kawaida imefungwa ndani ya madini ya udongo isiweze kudhuru mmea. Taabu huanza pH inaposhuka chini ya 5.5, na huzidi chini ya 5, kwa kuwa tindikali huiyeyusha ikaingia katika maji yanayonyonywa na mizizi. Nyanda za juu zenye mvua nyingi zimeoshwa kalsiamu na magnesiamu kwa karne nyingi, udongo ukabaki na tindikali, na mbolea kama DAP, ikitumiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa, huongeza tindikali hiyo.

Dhara hutokea mahali padogo mno, yaani milimita chache za ncha ya mzizi. Hapo ndipo seli changa hugawanyika na kurefuka, na kurefuka huko ndiko kunakousukuma mzizi chini. Alumini hung'ang'ania kuta za seli, mahali ambapo kalsiamu ingekaa, kuta hukakamaa, na katika majaribio ya maabara mzizi wa mahindi hupunguza mwendo ndani ya saa chache tu. Seli zisizoweza kurefuka huvimba, ndiyo maana mizizi uliyoiona ilikuwa minene, na vinyweleo vyake hupungua. Isitoshe, alumini huikamata udongoni fosforasi, kirutubisho kilichomo katika DAP. Kwa hiyo DAP uliyoinunua kwa fedha nyingi imo shambani, lakini mahindi hayaipati ya kutosha, na rangi ile ya zambarau ni dalili ya njaa hiyo.

Dawa ya kwanza ni chokaa ya kilimo, kwa kiasi kitakachoelekezwa na vipimo vya udongo wako, wala si cha jirani. Isambaze na kuichanganya na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda. Chokaa hushuka polepole sana, hivyo ile iliyomwagwa juu bila kulimiwa haitaifikia mizizi. Samadi iliyooza vizuri nayo husaidia, kwani hufunga sehemu ya alumini. Ziko pia aina za mahindi ambazo ncha za mizizi yake hutoa asidi ya sitriki inayoifunga alumini kabla haijaingia, basi muulize afisa wako kuhusu mbegu zinazostahimili tindikali. Usidanganywe na ustawi wa chai katika udongo kama huo: chai huihifadhi alumini katika majani yake makuukuu bila kudhurika, uwezo ambao mahindi hayana.

Majuma matatu baada ya mahindi kuota, chimbua tena miche miwili kwa jembe, usiivute, kisha ioshe taratibu kwa maji. Tafuta ncha nyeupe na matawi membamba yaliyoshuka chini.