Nimeandika maisha ya mume wangu, lakini yeye simwoni humo

*Shangazi, mume wangu alifariki miezi minane iliyopita akiwa na miaka 84. Tulikaa kwenye ndoa miaka 55. Watoto wanaandaa kijitabu cha kumbukumbu kwa ajili ya wajukuu, nami nimepewa kuandika maisha yake. Nimejaza kurasa mbili: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu. Nikizisoma namwona mtu mwingine kabisa. Nilipotaka kugusia alivyokuwa akininunia, binti yangu akasema marehemu hasemwi vibaya. Hata saa ya ukutani aliyoitia ufunguo kila Jumapili, bila kuruhusu mtu aiguse, imesimama. Na jingine naona aibu kulisema: usiku namsikia akikohoa ukumbini. Je, akili zinaniruka?*

Shikamoo mama, na pole sana. Najua wengi wameshaacha kukupa pole, wanadhani miezi minane inatosha.

Nianze na kikohozi, maana ndicho kinachokunyima usingizi. Akili zako nzima. Mwaka 1971 daktari wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mahojiano yake na wajane na wagane 293. Karibu nusu walikiri kuwahi kumwona mwenzao, kumsikia, au kuhisi yupo jirani, na wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu, wengine kwa kuogopa kuchekwa. Waliokaa kwenye ndoa muda mrefu ndio waliosimulia zaidi. Sikio lililozoea kikohozi kimoja miaka 55 halistaafu siku ya mazishi. Mama yangu mzazi alikuwa akizima redio ghafla: "Nyamazeni, baba yenu anaita." Tulinyamaza. Lakini ukiona huwezi kula, kulala wala kutoka kitandani, nenda kwa daktari, usingoje mwaka utimie.

Sasa kijitabu. Hizo kurasa mbili hazina kosa, ila zingeweza kuandikwa na yeyote mwenye vyeti vyake. Wajukuu walimkuta ana mvi tayari. Yule kijana aliyekuposa hawajawahi kumwona, na huenda kati ya walio hai ni wewe tu unayemkumbuka. Kwa hiyo usianze na alizaliwa lini. Anza na mikono yake. Alikuwa akiishikaje kalamu? Funguo za mlango alikuwa akiziweka wapi, na zikipotea alimlaumu nani? Utashangaa jinsi mambo ya zamani yatakavyokujia. Wazee wakiulizwa habari za maisha yao, mengi wanayoyataja ni ya kati ya miaka 10 na 30. Yaache yaje bila mpangilio. Kama kalamu inakuchosha, mwombe mjukuu akurekodi kwa simu huku mkipekua picha, na nyuma ya kila picha aandike majina kwa penseli laini. Wino wa kalamu huweza kupenya hadi mbele. Tena kama kuna sauti ya mzee kwenye simu ya mtu yeyote pale nyumbani, inakiliwe leo, sehemu mbili. Simu zinakufa bila kuaga.

Kuhusu kununa, binti yako anisamehe, niko upande wako. Siri za kumwumiza mtu aliye hai ziache zilale. Kununa si siri, ni tabia, na nina hakika nyumba nzima ilikuwa inajua. Mjukuu atakayeolewa kesho akisoma kwamba bibi na babu hawakukwaruzana miaka 55, atadhani ndoa yake imeharibika wiki ya kwanza. Iandike, ila usiishie kwenye kununa. Andika na alivyokuwa akirudi: ni neno gani alilitanguliza, au kisingizio gani alikuja nacho mlangoni. Humo ndimo utakapomwona mwenyewe.

Na ile saa, kama unaweza kuuvumilia mlio wake, Jumapili hii mwite mjukuu mmoja aitie ufunguo. Mwambie babu alikuwa akizungusha mara ngapi. Akizidisha, mkaripie kama babu yake angemkaripia.